Jinsi ya Kutoa Vifaa vya Usukani Vilivyochakaa kwenye Land Rover za Series

Land Rover za Series II, IIA na III, zilizotengenezwa kati ya mwaka 1958 na 1985, bado zinafanya kazi kila siku katika mashamba, mbuga na barabara za vumbi za Afrika Mashariki, na baadhi yake ziliunganishwa hapa hapa, katika kiwanda cha Thika. Ugonjwa wake maarufu ni usukani unaocheza: dereva huzungusha kiganja kizima kabla magurudumu hayajaitikia, na gari hutangatanga barabarani hata pasipo na upepo. Mara nyingi mwenye gari huambiwa kwamba mfumo wote umekwisha, ilhali viungo viwili au vitatu tu ndivyo vilivyolika. Mwongozo huu unahusu kazi moja, nayo ni kuvitoa vifaa vilivyochakaa bila kuviharibu vile vitakavyobaki kwenye gari. Boljointi mpya, yaani kile kiungo cha duara kilicho mwishoni mwa fimbo ya usukani, hupatikana madukani kwa bei ya kawaida, lakini mkono wa gurudumu uliopasuliwa kwa nyundo, au chesisi iliyotobolewa kwa moto wa gesi, ni hasara ya aina nyingine kabisa.

Kwanza ni lazima kuuelewa mnyororo wenyewe. Usukani huingia kwenye sanduku lake, ambalo mafundi wengi huliita stelingi boksi, na kutoka hapo mkono wa pitimani husukuma fimbo ndefu inayokwenda mbele ya gari hadi kwenye mkono wa juu wa relei. Relei ni silinda ya chuma iliyosimama wima ndani ya boriti ya mbele ya chesisi, nayo hupokea mwendo kwa mkono wa juu na kuutoa kwa mkono wa chini. Mkono huo wa chini huvuta draglinki, draglinki hugeuza mkono wa gurudumu, na trakirodi huunganisha gurudumu moja na jingine ili yote mawili yageuke pamoja. Fimbo ni tatu na kila moja ina boljointi mbili, kwa hiyo kuna boljointi sita, mbali na relei na sanduku lenyewe. Kila kiungo kikicheza kidogo tu, jumla yake kwenye usukani huwa kubwa, ndiyo maana si haki kulilaumu sanduku kabla ya kuvikagua viungo vingine.

Kutambua kipi kibovu

Ukaguzi ufanywe magurudumu yakiwa chini na injini imezimwa. Mtu mmoja akae kwenye kiti cha dereva na kuuzungusha usukani kidogo kulia na kushoto, asifikie kugeuza magurudumu, huku mwenzake akipitia kiungo kimoja baada ya kingine kwa macho na kwa vidole. Kidole kikiwekwa pale fimbo inapokutana na mkono, hata mchezo mdogo ambao jicho halioni huhisiwa mara moja. Boljointi nzima huruhusu kuzunguka na kuinama, lakini haipandi, haishuki wala haigongi. Mpira wake ukiwa umepasuka na ndani mna mchanga badala ya grisi, ihesabiwe mbovu hata kama bado haijaanza kucheza.

Relei inahitaji uangalifu zaidi. Angalia iwapo mkono wa juu unapoanza kusogea, mkono wa chini unasogea papo hapo. Ukichelewa, huenda tatizo si relei bali ni boliti ya kubana mkono kwenye meno ya shafti ambayo imelegea, na hiyo ni kazi ya dakika chache. Lakini shafti yenyewe ikiyumba pembeni au ikipanda na kushuka, bushi za ndani zimelika na relei nzima itatoka. Kuhusu sanduku, linganisha usukani na pitimani: usukani ukizunguka kabla pitimani haijaitikia, mchezo umo ndani ya sanduku, na mara nyingi skrubu ya kurekebishia iliyo ubavuni huupunguza. Isikazwe kupita kiasi, kwa kuwa sanduku hulika zaidi katikati kuliko pembeni, na ukiuondoa mchezo wote wa katikati, usukani utakwama unapokata kona kali.

Kisha nyanyua upande wa mbele, shika gurudumu juu na chini, na ulitikise. Likicheza, mwambie msaidizi akanyage breki. Mchezo ukitoweka, ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni pini za swivo, zile ambazo gurudumu hugeukia juu yake. Hivyo viwili havimo katika kazi hii, lakini si busara kununua boljointi sita kwa ajili ya ugonjwa ulioko kwenye beringi.

Maandalizi

Gari lisimame kwenye sakafu ngumu na tambarare. Land Rover hizi zina jambo ambalo wengi hawalijui: handbreki yake haishiki magurudumu, bali hushika shafti inayotoka kwenye giaboksi kwenda nyuma, kwa hiyo hata ikiwa imevutwa gari huweza kusogea kidogo kwa mchezo wa gia na shafti. Weka vigingi vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma, bila kukosa. Ukishanyanyua kwa jeki, gari likae juu ya stendi za chuma zilizowekwa chini ya ekseli. Matofali ya saruji, ambayo yanaonekana katika gereji nyingi, hupasuka ghafla bila dalili, na hayafai hata kwa kazi ya dakika tano.

Spana ni suala la pili. Nati za magari haya zimepimwa kwa inchi, na si kwa inchi za mfumo mmoja: Series II na IIA huchanganya nyuzi za BSF (mfumo wa zamani wa Kiingereza) na UNF (mfumo wa pamoja wa Marekani na Uingereza), wakati Series III kwa sehemu kubwa ni UNF. Spana ya milimita inayoonekana kukaa vizuri kwenye nati ya namna hiyo ndiyo inayokula pembe zake, na nati iliyolika pembe huongeza saa nzima katika kazi ambayo ingechukua dakika. Azima au nunua soketi za inchi kabla ya kuanza. Utahitaji pia kitoa boljointi, pula imara ya miguu miwili kwa ajili ya pitimani, nyundo mbili nzito, brashi ya waya, koleo na kipimo cha utepe.

Siku mbili kabla ya kazi, piga brashi nyuzi zote zilizo wazi hadi kutu na tope viishe, kisha uzinyunyizie mafuta ya kulainisha kutu asubuhi na jioni. Ukiyakosa, dizeli husaidia, ingawa hupenya polepole. Gari lililokaa Mombasa, Tanga au Unguja lipewe muda mrefu zaidi kuliko lile la Arusha au Nakuru, maana chumvi ya bahari hushikanisha chuma kwa namna ambayo mafuta ya siku moja hayaifikii.

Jambo la mwisho kabla ya kushika spana ni vipimo, na hapa ndipo uvivu hulipiwa. Nyoosha magurudumu yatazame mbele, kisha pima kila fimbo kutoka katikati ya pini ya boljointi moja hadi katikati ya pini ya nyingine, uandike kwenye karatasi na kutaja ni fimbo ipi. Piga picha kwa simu ukionyesha kila mkono unaelekea wapi. Weka alama ya rangi panapokutana mkono na shafti yake, juu na chini ya relei na kwenye pitimani. Chaki haifai, kwa kuwa mafuta yataifuta kabla hujamaliza.

Kuachanisha boljointi

Pini ya boljointi imechongoka, nayo imekaa ndani ya tundu lililochongoka vivyo hivyo, likiwa limevutwa na nati kwa miaka mingi. Hivyo nati ikishafunguka, pini haitoki. Bado imeng'ang'ania, na kazi yote ni kuuvunja mshiko huo.

Nyoosha miguu ya splitipini na uivute kwa koleo, au badala yake utakuta nati ya kujifunga yenyewe ambayo haina pini. Ilegeze nati, lakini usiitoe kabisa. Iache imeshika nyuzi chache ili fimbo isikuangukie usoni pini itakapoachia. Wakati mwingine pini huzunguka pamoja na nati badala ya nati kufunguka. Dawa yake ni kuweka jeki ndogo chini ya boljointi na kuisukuma pini irudi ndani ya tundu lake, au kuibana kwa klampu kubwa, mpaka mchongoko ushike tena na nati izunguke peke yake.

Njia iliyo bora ni kitoa boljointi cha kubana kwa skrubu. Kifunge, kikaze mpaka kiwe kigumu, kisha kigonge kichwa cha boliti yake kidogo, na mara nyingi pini itaruka kwa mlio unaosikika gereji nzima. Ile aina ya uma unaopigiliwa kati ya mkono na boljointi hufanya kazi haraka, lakini hupasua mpira, kwa hiyo itumike pale tu ambapo boljointi inakwenda kutupwa.

Asiye na kitoa boljointi atumie nyundo mbili. Moja nzito hushikwa kwa nguvu upande mmoja wa jicho la mkono, na nyingine hupiga upande wa pili kwa pigo kavu na la haraka. Kinachopigwa ni ubavu wa jicho lenyewe, ambalo hujibana na kupanuka kwa nukta ndogo ya muda na kuiachia pini. Mapigo matatu au manne yaliyolengwa vizuri hushinda ishirini ya hasira. Kupiga ncha ya pini kutoka chini ndiko kosa la kawaida kuliko yote, kwa sababu ncha huumuka kama uyoga, nati haipiti tena, na mshtuko wote huishia ndani ya boljointi badala ya kwenye mchongoko.

Moto wa gesi usitumike kwenye mikono ya usukani. Mikono hiyo ni ya chuma kilichofuliwa na kupewa ugumu wake kiwandani, na ukiipasha mpaka iwe nyekundu, hakuna ajuaye nguvu iliyobaki. Isitoshe, grisi iliyofungiwa ndani ya boljointi huchemka na inaweza kuirusha kama risasi. Najua kuna mafundi wanaofanya hivyo kila wiki na magari yao yanatembea; lakini mkono wa usukani ukikatika, haukatiki gereji.

Anza na draglinki, fuata trakirodi, na umalize na ile fimbo ndefu inayotoka kwenye pitimani, ambayo ni ngumu kuifikia kuliko zote. Kuondoa gurudumu la upande wa dereva kutakupa nafasi ya mikono.

Fimbo zikishatoka, boljointi zifunguliwe juu ya meza, katika jiliwa. Legeza boliti ya klampu, ikiwezekana itoe kabisa, ufungue kidogo mwanya wa klampu kwa tindo, na ukumbuke kwamba kila fimbo ina upande mmoja wenye nyuzi za kawaida na upande mwingine wenye nyuzi za kushoto, ambazo hufunguka kwa kuzungushwa kuelekea kulia. Mtu asiyelijua hili atakaza kwa nguvu zake zote akidhani anafungua. Hesabu mizunguko mpaka boljointi itoke, uiandike kando ya kile kipimo cha urefu. Fimbo iliyopinda isinyooshwe, na ile ambayo nyuzi zake za ndani zimeliwa na kutu isirudishwe. Zote mbili zibadilishwe pamoja na boljointi zake.

Relei

Hapa ndipo panapohitaji subira kuliko kwingine kote, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kutu: relei imeingia ndani ya boriti ya chesisi, maji na tope hukaa kuizunguka, na baada ya miaka 40 au 50 silinda na boriti huwa kitu kimoja. Ya pili ni hatari. Ndani ya relei kuna springi nene iliyobanwa kwa nguvu nyingi kati ya bushi mbili, kila bushi ikiwa imegawanyika vipande viwili, na kinachovizuia vipande hivyo visifyatuke ni kuta za silinda peke yake. Shafti ikivutwa nje bila kinga, springi hutoka kwa nguvu inayoweza kuvunja taya. Kwa hiyo kanuni ni moja: relei hutolewa ikiwa nzima na haifunguliwi kwenye gari. Kwa maoni yangu haifai kufunguliwa hata nje ya gari na mtu asiye na kifaa cha kuibana springi, kwani kununua nyingine iliyokwisha kujazwa na kufungwa ni nafuu kuliko hospitali.

Ondoa grili ya mbele, na ikilazimu, legeza paneli inayoshika radieta ili mkono wa juu upate nafasi ya kupanda. Boliti zinazobana mikono ya relei zitolewe kabisa, si kulegezwa tu, kwa kuwa kila moja hupita katika mfereji uliochongwa kwenye shafti, na boliti ikibaki mahali pake mkono hautasogea hata ukipigwa mchana kutwa. Panua mwanya wa mkono kidogo kwa tindo, kisha uutoe kwa pula au kwa kuugonga kwa upole, wa juu ukienda juu na wa chini ukishuka. Usitumie shafti kama mhimili wa kupigia nyundo nzito, kwa sababu mshtuko wake unakwenda moja kwa moja kwenye bushi na springi.

Sasa toa boliti zinazoshika relei kwenye boriti, juu na chini. Zikikatika, zichimbwe baadaye. Kwa sasa kinachotakiwa ni silinda itoke, nayo hutoka kuelekea juu. Safisha ukingo wake, mimina mafuta ya kutu kuuzunguka, na uache usiku kucha. Siku inayofuata jaribu kwanza kuizungusha badala ya kuisukuma: funga pande la chuma kwenye mashimo ya boliti za juu, ulitumie kama mkono wa kuipindua kidogo kulia na kushoto. Ikianza kusogea hata kwa upana wa unywele, kazi imekwisha nusu. Endelea kuongeza mafuta na kuizungusha mpaka iwe huru.

Ikigoma, weka jeki ya chupa chini yake, na kati ya jeki na relei weka kipande cha bomba nene ambacho shafti itaingia ndani yake, ili nguvu yote ifike kwenye ukingo wa silinda na isiguse shafti. Pandisha jeki mpaka uzito wa pua ya gari uanze kukaa juu yake, kisha ugonge boriti ya chesisi kutoka mbele, sambamba na ardhi, karibu na silinda. Uzito husukuma na mtetemo huvunja kutu. Asiwepo mtu chini ya gari wakati huo, maana relei ikiachia, gari hushuka juu ya stendi kwa kishindo. Kazi hii inaweza kumaliza alasiri nzima, na wakati mwingine siku mbili, nayo haifupishwi kwa kukata boriti.

Pitimani

Pitimani itolewe tu kama ina kasoro au kama sanduku linatoka. Nyoosha washa ya kufungia iliyokunjwa juu ya nati, fungua nati, na uvute kwa pula ya miguu miwili. Ikikataa, kaza pula, gonga kichwa cha skrubu yake mara moja, na uiache imekazwa wakati wa chakula cha mchana. Mara nyingi utairudia ikiwa imeachia yenyewe. Zaidi ya hapo nyundo haina nafasi hapa, kwa kuwa ndani ya sanduku kuna gololi ndogo zinazopita katika mifereji, na pigo moja zito huweka makovu kwenye mifereji hiyo, ambayo dereva atayahisi kwenye usukani milele.

Kabla ya kufunga vipya

Osha kwa petroli au dizeli kila kilichobaki, kisha ukikague kwenye mwanga mzuri. Matundu yaliyochongoka kwenye mikono ndiyo muhimu zaidi: ingiza pini ya boljointi mpya ikiwa kavu, uisukume kwa kidole gumba, na ujaribu kuitikisa. Isiyumbe hata kidogo. Ikiyumba, au ikizama mpaka nyuzi zote zikatokeza upande wa pili, tundu limepanuka kwa kuendeshwa na nati iliyolegea, na mkono huo haufai tena. Tafuta pia nyufa nyembamba kuzunguka jicho, ambazo hujionyesha vizuri ukipaka dizeli, ukafuta, kisha ukapaka chokaa au unga wa chaki. Dizeli iliyojificha ndani ya ufa huchora mstari mweusi juu ya unga. Ndani ya boriti pasuguliwe, papakwe rangi na kisha grisi, ili atakayeitoa relei ijayo asipate taabu.

Boljointi mpya zifungwe kwa ile idadi ya mizunguko uliyoiandika, na urefu ulinganishwe na karatasi yako. Hapo magurudumu yatakuwa karibu na mahali pake, kiasi cha kulifikisha gari kwa mwendo wa taratibu kwa fundi wa alainimenti, ambaye atayarekebisha yaingie ndani kwa mbele kwa milimita 1.2 hadi 2.4.

Relei ya zamani isiachwe kwenye rundo la vyuma. Wanunuzi wa vyuma chakavu huvivunja vitu kwa nyundo ili kupunguza ukubwa wake, na springi ile bado imebanwa kama siku ilipotoka kiwandani. Iandike kwa rangi kwamba ndani kuna springi, na umkabidhi fundi mwenye kifaa cha kuifungua, ambaye pengine ataitengeneza upya na kuiuza.